Kompyuta Mpya Isiyowaka: Pa Kuanzia Kabla ya Kupanda Feri

Chukua mfano wa kijana wa Ukunda aliyefanya kazi katika hoteli moja ya Diani msimu wote wa watalii. Masika inapokaribia na wageni kupungua, mkataba wake unaisha na anarudi nyumbani na akiba yake. Anataka kufungua saiba ndogo kabla ya vijana waliomaliza Kidato cha Nne kuanza kuomba nafasi za vyuo kupitia KUCCPS, na kwa kuwa kompyuta mpya ni ghali, anaunda yake kipande kwa kipande. Kasha analipata kwa jirani, mazabodi na prosesa anavinunua Mombasa, ramu inaletwa na basi kutoka Nairobi. Saa tatu usiku anakaza skrubu ya mwisho, anabonyeza kitufe cha kuwashia, na kompyuta inakaa kimya kama jiwe.

Kesho yake alfajiri yuko kwenye foleni ya Likoni, mazabodi imefungwa kwa gazeti ndani ya mkoba. Ng'ambo ya pili fundi anaiunganisha na pawa saplai yake mwenyewe na inawaka papo hapo. Haikuwa mbovu. Kule Ukunda, nyuma ya kasha, kulikuwa na swichi ndogo iliyoachwa upande wa kuzima. Kijana amepoteza siku nzima, nauli na ada ya kupima, na kama muuzaji alikuwa na maneno matamu, amerudi pia na ramu nyingine ambayo hakuihitaji.

Kijana huyu ni wa mfano tu, ila mafundi wa kompyuta wanamjua.

Kompyuta iliyoundwa kwa mara ya kwanza ikigoma, mara nyingi hakuna kilichokufa. Kuna kitu hakijaingia hadi mwisho, kuna waya uliosahauliwa, au umeme haujafika. Vifaa vibovu vipo, hasa miongoni mwa vile vilivyotumika Ulaya na Marekani kabla ya kuletwa nchini, lakini kifaa kinafaa kulaumiwa mwisho, si mwanzo. Njia ya kujua ni kuufuata umeme kuanzia ukutani hadi kwenye skrini bila kuruka hatua, na kubadilisha jambo moja tu kila mara kabla ya kujaribu tena. Anayebadilisha mambo matatu kwa pamoja huenda akaona kompyuta imewaka, lakini hatajua ni lipi lililoiponya, na tatizo likirudi atakuwa pale pale alipoanzia.

UKUTANI

Hatua ya kwanza inaonekana ya kitoto, na ndiyo maana hurukwa. Simu ichajiwe kwenye soketi ile ile. Tokeni za stima huisha usiku bila kuaga. Ekstensheni nazo huzeeka: ile iliyowahi kubeba friji na pasi kwa pamoja huenda imeungua ndani ingawa kitaa chake chekundu bado kinawaka. Kompyuta mpya ijaribiwe moja kwa moja ukutani. Plagi ya pini tatu inayotumika Kenya ina fyuzi ndani yake, na fyuzi hiyo ikikatika kila kitu baada yake kitakuwa kimya.

Kisha nyuma ya kasha. Pawa saplai nyingi zina swichi yenye alama mbili, mstari na duara. Mstari ni kuwasha, duara ni kuzima. Baadhi ya pawa saplai za zamani, hasa zilizotoka Marekani, zina pia swichi ndogo nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Umeme wa Kenya ni volti 240, kwa hiyo swichi hiyo lazima isome 230. Ikiachwa kwenye 115 na plagi ikachomekwa, pawa saplai huungua kwa kishindo na moshi, na hapo hakuna cha kutatua tena. Swichi hii iangaliwe kabla plagi haijagusa ukuta.

Kuna ishara moja isiyofaa kuchukuliwa kwa mzaha. Mtu akigusa chuma cha kasha na kuhisi vidole vinachomachoma, waya wa ardhi haufanyi kazi. Hutokea pale ambapo plagi ya pini mbili imesukumwa kwenye soketi ya matundu matatu kwa msaada wa kijiti, au pale ambapo nondo ya ardhi haikuzikwa, au imezikwa kwenye mchanga mkavu na mawe ya matumbawe ambayo hayapitishi umeme vizuri. Ufuo wa Diani umejaa ardhi ya aina hiyo. Tatizo hili si la kompyuta, na halitatuliwi kwa kuvaa ndara za mpira. Ni la nyaya za nyumba, na wa kulirekebisha ni fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kitaifa ya kusimamia kawi na petroli. Saiba ambayo wateja wake ni watoto wa shule haina nafasi ya kubahatisha hapo.

KABLA YA KUFUNGUA KASHA

Kasha lisifunguliwe likiwa bado limechomekwa. Plagi itolewe, kisha kitufe cha kuwashia kibonyezwe na kushikiliwa kwa sekunde kumi hivi ili umeme uliobaki kwenye mazabodi uishe. Mkono uguse chuma cha kasha kuondoa umeme tuli. Kwenye unyevu wa pwani hatari ya umeme tuli ni ndogo kuliko bara wakati wa kiangazi, lakini ipo. Pwani ina hatari yake nyingine, nayo ni jasho. Tone moja likidondoka kutoka kwenye paji la uso hadi kwenye soketi ya prosesa, hayo ni maji ya chumvi juu ya pini nyembamba kama unywele. Kitambaa begani ni kifaa cha kazi kama ilivyo bisibisi.

Pawa saplai yenyewe haifunguliwi. Ndani yake kuna vipande vinavyohifadhi umeme mkali hata baada ya plagi kutolewa, na mtu anayejifunza nyumbani hana sababu ya kukutana nao.

KIMYA KABISA

Ikiwa umeme wa ukutani upo na bado hakuna feni wala kitaa, mshukiwa wa kwanza ni kitufe chenyewe. Nyaya nyembamba zinazotoka mbele ya kasha huingia kwenye pini ndogo pembeni mwa mazabodi, na maandishi yake ni madogo mno kusomeka usiku kwa tochi ya simu. Waya wa kitufe ukiingia kwenye pini za kitaa, kitufe hakifanyi lolote. Mchoro wa pini hizo umo kwenye kitabu cha mazabodi. Kama mazabodi ilinunuliwa bila kitabu, jina lake limeandikwa kwenye ubao, na kitabu hupatikana bure kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza.

Ili kuhakikisha, mafundi huchomoa waya wa kitufe na kugusanisha pini mbili za kuwashia kwa ncha ya bisibisi, kwa muda wa kupepesa jicho. Kompyuta ikiwaka, kasoro iko kwenye kitufe au waya wake na mazabodi haina neno. Asiye na uhakika na mchoro asijaribu.

Waya mkubwa wa pini 24 unaoleta umeme kwenye mazabodi nao unahitaji kusukumwa kwa nguvu ambayo wengi huogopa kuitumia. Kishikizo chake lazima kisikike kikikamata. Waya uliokaa nusu unaonekana sawa kabisa kwa anayeutazama kutoka juu.

Kosa jingine limejificha chini ya mazabodi. Kasha huja na vinguzo vidogo vya shaba vinavyoinua mazabodi isiguse bati, na kila kinguzo kinapaswa kukaa chini ya tundu la skrubu. Kasha lililowahi kubeba mazabodi nyingine huwa na vinguzo vilivyopangwa kwa ajili ya ile ya zamani. Kimoja kikibaki mahali pasipo na tundu, kinagusa sehemu za umeme nyuma ya ubao na kusababisha shoti. Dalili yake ni feni kuzunguka mara moja kisha kusimama. Aliyepata kasha kwa jirani ana sababu ya kuanzia hapa. Mazabodi itolewe nje, iwekwe juu ya boksi lake la karatasi ngumu, na iwashwe ikiwa na prosesa, feni ya prosesa na ramu moja tu. Isiwekwe juu ya mfuko unaong'aa iliokuja nao, kwa kuwa baadhi ya mifuko hiyo hupitisha umeme upande wa nje. Ikiwaka juu ya boksi na kugoma ndani ya kasha, kosa liko kwenye kasha.

FENI ZINAZUNGUKA, SKRINI NI GIZA

Hali hii ndiyo inayowachanganya wengi, na ndiyo inayouza vifaa visivyohitajika. Feni zinavuma, taa za rangi zinameta, lakini skrini inaandika kwamba haipokei kitu.

Dawa ya kwanza ni subira. Mazabodi zinazotumia ramu ya DDR5 huipima na kuizoea ramu hiyo mara ya kwanza zinapowashwa, na kazi hiyo inaweza kuchukua dakika kadhaa huku skrini ikiwa nyeusi. Anayezima baada ya nusu dakika anailazimisha ianze upya. Robo saa ya kunywa chai inatosha kuondoa shaka.

Baada ya hapo utazamwe waya wa skrini. Kompyuta yenye kadi ya picha huwa na matundu ya HDMI sehemu mbili: yaliyo pamoja na matundu ya USB ni ya mazabodi, na yaliyo peke yake chini zaidi ni ya kadi. Waya uingie kwenye kadi. Asiye na kadi naye asome jina la prosesa yake vizuri. Prosesa za Intel ambazo jina lao linaishia na herufi F, kama Core i5-12400F, hazina uwezo wa kutoa picha zenyewe. Ndivyo zilivyo pia Ryzen nyingi za AMD zilizotoka kabla ya mfululizo wa 7000, isipokuwa zile zenye herufi G. Prosesa za F huuzwa kwa bei nafuu kidogo na ndiyo maana zinavutia, lakini bila kadi ya picha tundu la HDMI la mazabodi litabaki kimya hata kila kitu kikiwa kizima. Hapo hakuna kilichoharibika, kuna kifaa ambacho hakijanunuliwa. Hili ni swali la kumuuliza muuzaji kabla ya kutuma pesa kwa M-Pesa.

Mbali na waya wa pini 24, prosesa ina waya wake wa umeme wenye pini 4 au 8, unaoingia kwenye kona ya juu ya mazabodi mahali ambapo mkono hupita kwa taabu feni ikishafungwa. Ukisahauliwa, feni zitazunguka huku prosesa ikiwa na njaa. Waya wa kadi ya picha unafanana nao sana, na wapo wanaoulazimisha kuingia. Haubadilishwi. Neno CPU au PCIe lililoandikwa kwenye kichwa cha waya ndilo la kufuata.

Kisha ramu, ambayo ndiyo chanzo mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Ramu hutaka kusukumwa kwa vidole gumba hadi kishikizo kilie, na anayeogopa kuivunja huiacha nusu njia. Itolewe, pengo la chini yake lilinganishwe na tundu, kisha irudishwe. DDR3, DDR4 na DDR5 zina pengo mahali tofauti na haziingiliani, kwa hiyo inayokataa isilazimishwe. Zikiwa mbili, ijaribiwe moja kwanza. Mazabodi nyingi zenye matundu manne hutaka ramu ya kwanza ikae kwenye tundu la pili kutoka kwa prosesa, na ya pili ikae kwenye tundu la nne. Ijaribiwe ya kwanza peke yake, kisha ya pili peke yake, kisha tundu jingine. Moja ikiwaka popote na nyingine ikigoma popote, hapo ndipo mtu anaweza kusema kwa haki kwamba ramu imekufa.

Kwa ramu zilizotumika, Kwale ina jambo lake. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi pamoja na unyevu huacha utando kwenye meno ya ramu iliyokaa wazi kwa miezi, iwe ni dukani Ukunda au sebuleni Gazi. Jicho halioni kitu, lakini umeme unaona. Mafundi husugua meno hayo taratibu kwa kifutio cha penseli, hupangusa vumbi la mpira kwa kitambaa safi kilicholoweshwa kidogo kwa spiriti, na kuiacha ikauke kabisa kabla ya kuirudisha. Maji hayatumiki, wala msasa, ambao hukwangua dhahabu yote na kuiacha shaba ikipata kutu. Ujanja huu mdogo umefufua ramu nyingi zilizokwisha kuandikwa marehemu.

Mazabodi nyingi za miaka ya karibuni zina vitaa vinne vidogo vilivyoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Kitaa kinachobaki kikiwaka kinataja mahali kompyuta ilipokwama: prosesa, ramu, picha au diski. Mazabodi za zamani hutumia milio kupitia spika ndogo, na maana ya milio hiyo hutofautiana kutoka kampuni moja hadi nyingine. Orodha ya milio aliyonayo rafiki huenda ni ya mazabodi nyingine kabisa.

INAWAKA, KISHA INAJIZIMA

Kompyuta inayowaka dakika mbili tatu kisha ikajizima yenyewe inajiokoa. Prosesa nyingi hupunguza mwendo zinapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi, na joto likizidi hapo huzima mtambo mzima. Feni ya prosesa iangaliwe kama imechomekwa mahali palipoandikwa CPU_FAN na kama pembe zake zote nne zimekamata. Chini yake kunapaswa kuwa na grisi ya kupitishia joto, tone la ukubwa wa punje ya mbaazi, si kijiko kizima. Feni nyingine huja na karatasi nyembamba ya plastiki ya kulinda grisi hiyo, na wengi huifunga karatasi ikiwa bado ipo.

Chumba chenyewe kina mchango wake. Mwezi wa Machi huku pwani hewa inayoingia kwenye kasha tayari ni ya moto. Kasha liachwe mbali na ukuta kwa kipimo cha shubiri moja, na lisikae sakafuni ambako mchanga hupeperuka na sisimizi hutafuta mahali pa joto pa kulala. Kile kitambaa cha kufuma ambacho mama wa nyumba hupenda kufunikia kompyuta ni pambo zuri la kompyuta iliyozimwa.

HAIONI DISKI, AU TOVUTI HAZIFUNGUKI

Skrini ikionyesha jina la mazabodi kisha ikalalamika kwamba hakuna diski ya kuanzia, sehemu kubwa ya safari imekwisha. Diski ya SATA ina nyaya mbili, mmoja wa umeme na mmoja wa data, na ule mwembamba wa data ndio hulegea. Ile SSD ndogo inayolala kwenye mazabodi inahitaji skrubu yake, kwani bila skrubu huinuka na kuacha kugusa. Ikiwa diski inaonekana kwenye bayosi lakini haina kitu ndani, hilo si kosa: bado haijawekwa mfumo. Flashi ya kuwekea mfumo huandaliwa kwa programu maalumu, na kunakili faili peke yake hakutoshi.

Hapa kuna uamuzi wenye gharama. Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka ramu ya angalau GB 4, diski ya angalau GB 64 na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kompyuta ikikataa Windows 11 kwa sababu ya TPM, huenda kifaa hicho kipo ila kimezimwa kwenye bayosi, ambako Intel hukiita PTT na AMD hukiita fTPM. Prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane nyingi hazimo kwenye orodha inayokubaliwa. Mwenye mtambo wa namna hiyo anaweza kutumia Linux, kama vile Ubuntu au Mint, ambayo ni bure na inafungua eCitizen na iTax kupitia kivinjari kama kawaida. Windows iliyovunjwa kufuli na kuuzwa kwenye flashi ni nafuu siku ya kwanza tu. Hakuna ajuaye kilichofichwa ndani yake, na saiba ni mahali ambapo watu huandika nambari zao za siri za KRA na za vyuo. Anayehifadhi taarifa za wateja ana wajibu pia chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Tatizo moja dogo husumbua kwa siku nzima bila kujulikana. Kompyuta imewaka, intaneti ipo, lakini kila tovuti inakataa kufunguka kwa madai kwamba si salama. Jibu liko kwenye kona ya skrini: saa inasoma mwaka 2015 au nyuma zaidi. Tovuti salama hupimwa uhalali wake kwa tarehe, na kompyuta yenye tarehe ya kale huona kila cheti ni cha uongo. Saa ikirekebishwa tovuti hufunguka. Ikirudi nyuma tena kila kompyuta inapochomolewa, betri ndogo ya mazabodi, CR2032 ya volti 3 inayofanana na sarafu, imekwisha na ibadilishwe. Betri ya zamani isiachwe mezani kwenye nyumba yenye watoto. Mtoto akiimeza inaweza kumuunguza kooni kwa muda mfupi, na huyo ni wa kukimbizwa hospitalini mara moja.

Kompyuta isiyo na intaneti kwa kukosa draiva ya mtandao nayo ina njia ya mkato. Simu iunganishwe kwa waya wa USB na iwekwe kugawa intaneti kupitia waya huo. Mara nyingi kompyuta huitambua bila draiva ya ziada, na draiva inayokosekana hupakuliwa hapo hapo kwa bando ya simu.

STIMA IKIPOTEA NA KURUDI

Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima, ukakatika tena kwa namna hiyo mwezi wa Novemba na wa Desemba mwaka huo huo. Kwa kompyuta mpya, kurudi kwa stima kunaweza kuwa kubaya kuliko kupotea kwake, kwa sababu volti zinaweza kupanda na kushuka kabla ya kutulia. Stima ikipotea, plagi ichomolewe, na irudishwe taa zikishatulia kwa dakika chache. UPS ndogo humpa mwenye kompyuta muda wa kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Haikusudiwi kuendesha saiba jioni nzima, na printa ya leza isichomekwe kwenye upande wake wa betri.

Kompyuta iliyokuwa ikiwaka vizuri kisha ikagoma baada ya stima kurudi ianzie tena ukutani, fyuzi kwanza. Ikiwa bado kimya, ichomolewe kabisa kwa dakika chache kabla ya kujaribiwa tena, kwani baadhi ya pawa saplai hujifungia zikipigwa na umeme mkali.

KIKIWA KIBOVU KWELI

Hatua zote zikifuatwa na kidole kikabaki kwenye kifaa kimoja, basi safari ya Mombasa ina sababu. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 inamchukulia muuzaji kuwa amehakikisha kwamba bidhaa aliyouza ina ubora unaofaa. Haki hiyo ni rahisi kuidai kwa mwenye risiti, hata ikiwa ni ujumbe wa M-Pesa pamoja na karatasi yenye jina la duka, tarehe na nambari ya kifaa. Muda wa kurudisha ulioandikwa kwenye risiti uhesabiwe tangu siku ya kununua. Kifaa kilichokaa kabatini wiki tatu kikisubiri kasha kinaweza kuwa kimepitwa na siku zake kabla hakijawahi kuonja umeme, kwa hiyo vifaa vinunuliwe vyote vikiwa karibu kukamilika.

Muuzaji aelezwe kilichojaribiwa, kwa utaratibu kilivyojaribiwa. Maneno "ramu hii inagoma kwenye matundu yote na hii nyingine inawaka" humaliza mjadala haraka kuliko "kompyuta haifanyi". Mazabodi isifungwe kwa gazeti. Irudishwe kwenye mfuko wake na boksi lake, na kama soketi ya prosesa ina kifuniko cha plastiki, kifuniko hicho kirudishwe juu yake kabla ya kutoka nyumbani. Pini moja iliyopinda kwenye matatu ya Likoni inatosha kumfanya muuzaji aseme kwamba uharibifu ni wa mteja.